Nishani Aliyoikataa Ewald

Kargendorf, 3 Agosti 1926

Mwanangu Ewald,

Habari za huko Hamburg? Kifua chako kimepata nafuu? Sisi hatujambo. Mama yako miguu inamsumbua, lakini kunigombeza hajaacha, kwa hiyo ujue ni mzima.

Chama chetu cha askari wa zamani kimepata nishani kwa waliopigana mstari wa mbele. Jina lako nimelipeleka mimi mwenyewe, mwenyekiti. Zitatolewa Jumapili tarehe 19 Septemba, baada ya ibada, na atakayekuvalisha ni Mama Reinhold. Nilipomwomba alilia. Akasema, "Ewald ndiye aliyemshika mwanangu mkono mpaka mwisho. Nani mwingine nimvalishe?"

Nimekutilia fomu humu. Weka sahihi pale panaposema ulitimiza wajibu wako kwa uaminifu mbele ya adui, uirudishe upesi.

Baba yako

Hamburg, 10 Agosti 1926

Mpendwa Baba,

Nakusalimu, na Mama mpe pole ya miguu. Kifua changu kinaendelea vizuri.

Septemba tuna zamu nyingi kwenye tramu, sidhani nitapewa ruhusa. Nishani mpeni mwingine. Hata ile fomu siioni, nadhani imepotea.

Mwanao

Kargendorf, 13 Agosti 1926

Ewald,

Salamu. Sote wazima.

Fomu imepotea? Nimekutilia nyingine. Usinifanye mtoto mdogo! Jana kilabuni Dettmann, fundi viatu, aliniuliza mbele ya watu, "Mwenyekiti, mwanao siku hizi anatuonea kinyaa sisi wachimba viazi wa kijijini?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao kama mjinga.

Tangu vita viishe umekuja nyumbani mara mbili tu. Mara zote mbili ulizunguka njia ya nyuma usipite mlangoni kwa Mama Reinhold. Mama yako aliliona hilo. Mimi nilisema ni majonzi. Kama si majonzi, ni nini?

Baba yako

Hamburg, 22 Agosti 1926

Baba,

Natumaini mu wazima, na kwamba barua hii unaisoma ukiwa peke yako.

Si majonzi. Reinhold hakufa upesi nikimshika mkono kama nilivyowaambia. Alipigwa tumboni alfajiri, tukiwa wawili ndani ya shimo lililochimbwa na kombora, hatua sitini kutoka kwenye handaki letu. Nikamwambia, "Nakwenda kuwaita wabeba machela." Akasema, "Usikawie."

Nilitambaa nikafika. Sajini akauliza, "Reinhold Stüwe yuko wapi?" Nikasema, "Amekufa." Baba, nilijua nikisema yu hai nitaambiwa niwaongoze kurudi kule. Sikutaka kurudi.

Nilimsikia akiita tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Wenzangu walidhani ni mtu wa kikosi kingine. Halafu akanyamaza.

Nilipokuja likizo mama yake alinikumbatia akauliza, "Hakuteseka?" Nikamjibu hakuteseka. Mimi siwezi kusimama mbele yake anifunge kitu kifuani.

Fomu hii hapa, haina sahihi. Fanya utakavyoona.

Mwanao

Kargendorf, 4 Oktoba 1926

Ewald,

Tuko salama. Najua umengoja wiki sita. Sikujua nikuandikie nini.

Mara mbili nilishika barua yako karibu na jiko niichome. Siku ya nishani nilitangaza kuwa unaumwa. Mama Reinhold alikuwa amevaa gauni lake jeusi, amelipiga pasi vizuri. Akanifuata nje ya kanisa. "Anaumwa nini? Nimtumie supu ya kuku kwa treni?" Anasema hivyo, na barua yako imo mfukoni mwangu.

Nilimsindikiza kwake nikamsomea yote. Hakulia. Alisema tu, "Kila Jumapili nimekuwa nikimwombea huyo." Kisha akasema, "Aje aniambie mwenyewe. Na wewe usije naye."

Nishani nimeirudisha kwa katibu, nikamwambia mwanangu hakuikubali. Uenyekiti nimeuacha. Mama yako naye amekwisha jua. Anashinda kimya, na ukimya wake unanishinda kuliko makelele yake.

Nimekukasirikia, Ewald. Lakini bado mimi ni

Baba yako

Hamburg, 18 Oktoba 1926

Mpendwa Baba,

Nawasalimu nyote. Nisamehe, Jumamosi nilikuja Kargendorf na sikupita kwenu. Nisingeweza kumtazama Mama siku hiyohiyo.

Mama Reinhold alinifungulia lakini hakunikaribisha kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi. Akauliza, "Alikuwa akisema nini alipoita?"

Nikamwambia, "Alikuwa akiita, 'Mama! Mama!'"

Akaacha kufuta. "Una hakika? Tangu aanze kuvuta sigara alikuwa ananiita Hedwig, kunichokoza. Nilimkemea mpaka nikachoka."

Nikasema nina hakika. Jina langu mimi hakuliita hata mara moja.

Akakaa, akaufunika uso kwa kile kitambaa cha kufutia. Sikuthubutu kumgusa. Baadaye akaniambia, "Nenda, treni itakuacha." Nilipofika langoni akaita kutoka ndani, bila kutoka: "Mwezi ujao uje tena. Usidhani nimekusamehe. Ila hakuna mwingine aliyemsikia."

Nitakuja, Baba. Safari hiyo, Mama akikubali, nitalala kwenu.

Mwanao