Jina la Bibi Yako kwa Brashi

Mwanangu Eun-gyo,

Salamu nyingi kutoka Andong. Barua hii siiandiki. Ninaisema, na kompyuta uliyotuachia inaandika. Sielewi inawezaje. Sisi hatujambo. Pilipili zimeanikwa uani, zinakauka vizuri.

Baba Eun-gyo, mwambie kuhusu mkono.

Nyamaza, mama Eun-gyo, mashine inasikia.

Isikie! Mwalimu mzima unaogopa sanduku? Mwambie mkono wa kulia umekufa ganzi, hata kijiko hushiki.

Huyo ni mama yako. Nimetafuta namna ya kuyafuta maneno yake, sikuipata, basi yamebaki.

Tambiko la marehemu bibi yako limekaribia. Jina lake huandikwa kwa brashi ili kumwita, na baada ya tambiko karatasi huchomwa. Nimejaribu, wino ukatapakaa tu. Kompyuta ingeweza kuliandika, lakini je, bibi yako atakubali kuitwa na mashine? Sijui. Desturi inataka mwana wa kiume aandike, nami sina. Nina wewe, na hati yako ni nzuri. Njoo uliandike.

Amesema njoo! Mwenyewe! Imeandika?

Imeandika.

Basi hiyo usiifute, hata ukijua namna.

Baba yako,
Seo Mun-ho