Risasi za Ndovu

Mjukuu wangu Mwenda,

Hapa Kiirua baridi imetuzidi, na mamako bado anakohoa. Anakusalimu.

Unauliza kama bunduki ya 375 inamtosha chui. Inamtosha. Babu yako, akiwa askari wa wanyamapori, alibeba hiyo hiyo. Siku ile alitoka kufukuza ndovu mashambani, risasi ngumu za ndovu zikiwa bado ndani. Akamkuta chui zizini kwetu, majirani wakipiga kelele, "Haraka, piga!" Akapiga. Risasi ikapita mwilini moja kwa moja bila kupanuka, chui akakimbilia kichakani. Kwa maaskari, aliyemjeruhi mnyama ndiye humfuata. Akamfuata.

Weka risasi ya ncha laini. Watu wakipiga kelele, badilisha kwanza. Wale wa siku ile ndio waliomchimbia babu yako kaburi.

Nyanya yako