Binti wa Kwenye Benchi

Shoga, jirani yangu anatangaza eti daktari wa magonjwa ya kurithi kasema damu yangu ndiyo iliyomharibu mtoto. Mwongo! Hata hakuwepo.

Daktari alichora ukoo wetu: duara wanawake, mraba wanaume. Akasema mtoto kapata seli mundu kwa kurithi kwangu na kwa mume wangu, sote wawili. "Hakuna wa kulaumiwa hapa."

Mama mkwe akauliza, mpole kabisa: "Kwa hiyo mwanangu akizaa na mwanamke asiyebeba seli mundu, watoto hawataumwa?"

Daktari akajibu hawataumwa, ila...

Mama mkwe hakungoja hiyo ila! Akafungua mlango, akamwita binti aliyekaa kwenye benchi. Mdogo wake huyo huyo jirani! Tulitoka naye nyumbani, akasema anakwenda kupima macho.

"Ingia mwanangu, upimwe."

Upimwe, shoga! Mbele yangu, mtoto kanilalia kifuani ana homa.

Daktari akasema hiyo siyo kazi yake. Mama mkwe akacheka, akaninyooshea kidole: "Huyu mwingine tulimchukua bila kupima, si unaona?"

Nikamgeukia mume wangu: "Mwambie huyu binti atoke. Nakuomba."

Akasogeza kiti, binti apate pa kukaa.