Wimbo wa Picha Iliyozimika

Kwa mwanangu Somoe,

Assalaam alaykum. Salamu za hapa Kitomanga ni nyingi, zipokee moja moja usije ukamruka mtu akanuna. Baba yako anakusalimu, kifua chake kimepoa, siku hizi anakohoa asubuhi tu. Bibi yako anakusalimu, anasema shikamoo yako kaingoja mpaka masikio yameota kutu. Mdogo wako Zuhura anakusalimu, anavaa vile viatu vyako vyeusi, usimgombeze, nimeshamgombeza mimi. Mjomba wako Selemani anakusalimu, na yeye ndiye aliyenishikisha kalamu, nitakueleza. Hata mbuzi wako mwekundu yupo, ana mimba. Na mimi mama yako ni mzima wa mwili, ila roho haijakaa mahali pake.

Mwandiko usiucheke, mwanangu. Darasa la nne limenifikisha hapa hapa. Simu yako haipatikani, kila nikipiga naambiwa nijaribu baadaye, nami nimejaribu baadaye mpaka nimechoka. Basi barua hii nampa dereva wa gari la mizigo anayepanda Kipatimu, kasema matope yakimruhusu ataiacha hapo zahanati unapofanyia kazi.

Unakumbuka siku ile nilipokuchukua kwenda kibanda cha video? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele huna. Wimbo wa ile picha ya Kihindi ulikuwa umetuingia kijiji kizima. Redioni ni huo, kwenye harusi ni huo, wapasua kuni ni huo, na hakuna aliyejua hata neno moja wanalosema. Ukanililia, "Mama, nataka kumwona anayeimba." Bibi yako akaniambia, "Mke wa mtu unakwenda kukaa gizani na wahuni?" Nikajitanda, nikaenda. Tukakaa nyuma kabisa, juu ya gunia.

Picha ikafika pale wazee wamekaa barazani, wanamwoza yule binti kwa mtu mwingine. Binti kainama, kimya. Wazee wakacheka, wakagawana halua. Binti akaenda dirishani, ndipo ule wimbo ukaanza. Na wewe ukasimama juu ya gunia, ukapiga kelele watu wote wakageuka, "Mama, mbona hawajamuuliza?"

Kibanda kizima kikacheka. Mmoja akasema, "Kaa chini, bi harusi, zamu yako bado!" Nikakuvuta, nikakupakata, na mimi nacheka mpaka machozi. Wimbo haujafika nusu, jenereta likakohoa, puu. Petroli imekwisha. Mwenye kibanda akasema njooni kesho, na kesho yake kile kikanda alikuwa ameshakiazima mtu wa Mchinga, hakikurudi. Mpaka leo, Somoe, mwisho wa ile picha siujui.

Wewe mwisho ukautunga mwenyewe. Tukiokota korosho, mimi naikonyoa korosho kwenye bibo lake, wewe uko mbele huko mkorosho wa tatu wa nne, unaimba maneno yako ya kubuni, na kila siku binti anapata mwisho mpya. Leo katoroka, kesho kamchapa mzee mmoja kwa ufagio. Nilikuwa sina haja ya kukuangalia. Nikikusikia, najua uko salama. Ukinyamaza, naacha kapu nakuja mbio. Siku moja nikakukuta umesimama tuli juu ya njia ya siafu, umeng'atwa miguu yote, hulii wala husemi.

Na ile mara shangazi yako alipotaka akuchukue ukakae kwake Lindi? Ulipoulizwa ulinyamaza. Bibi yako akasema, "Amekubali huyo, mfungieni mzigo." Mzigo ukafungwa. Asubuhi shangazi anaunyanyua, anauona mwepesi, kuufungua mna kopo la mafuta na kitana! Nguo zako zote ulikuwa umezitoa moja moja, umezirudisha kwenye kamba ya nyuma ya nyumba kama zimefuliwa. Tulicheka siku ile, lakini mimi nilijifunza jambo. Wewe ukikubali, unaimba. Ukikataa, unanyamaza.

Sasa nakwambia lililonikosesha usingizi. Watu wa Hamidu, yule fundi wa kuchomea milango pale Lindi, wamekuja kukuposa. Ile mara moja ulipopatikana kwenye simu nilikuwa nimesema hilo tu, "Somoe, umeposwa," nikasikia kimya, kisha simu ikakata. Mpaka leo sijui ulikuwa umenyamaza wewe au umenyamaza mtandao.

Waliletwa na baba yake mdogo. Wamekaa barazani kwa adabu, wameleta doti ya khanga na sukari vimefungwa kitambaa cheupe, mara simu ya yule mzee ikalia. Mlio wake ni ule wimbo wetu! Mzee wa watu akaona haya, anabonyeza hapa, anabonyeza pale, unazidi kupanda. Zuhura akakimbilia jikoni kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuona wewe juu ya gunia.

Walipoondoka ndipo nikakupigia, na simu ilipokata mjomba wako akataka kitambaa kifunguliwe, maana kikifunguliwa ndiyo tumekubali.

"Kaambiwa, kanyamaza," akasema. "Mwali kimya chake ndiyo radhi yake. Hayo tumeyakuta."

Nikamwambia, "Kaka, huyo mwali nimemzaa mimi. Kimya chake nakijua."

"Basi unakataa mume mzuri kwa ajili ya mnara wa simu!"

Baba yako akasema nipewe nafasi. Mjomba kasema Ijumaa baada ya sala wale watu wanarudi, na kama hamna neno lako, atafungua mwenyewe, yeye ndiye mjomba. Kitambaa nimekitia kwenye kapu la korosho, nimekaa juu yake hapa ninapoandika.

Sikufichi, mwanangu, Hamidu nampenda. Ana heshima, na mwaka jana alitutengenezea mlango akakataa hata chai mpaka amalize. Ukimtaka nitapiga kigelegele Mchinga wasikie. Lakini kupenda kwangu si kupenda kwako, na ukimkataa sitakuuliza kwa nini, kitambaa kitarudi kwao na fundo lake, na mjomba wako nitamkabili mimi.

Wale wazee wa kwenye picha hawakumuuliza binti yao. Mimi nakuuliza, Somoe. Unamtaka?

Dereva nimemwomba asishuke bila jibu. Mpe neno moja tu, au panda kile kilima mnachosema kina mtandao unipigie. Ukishindwa kusema, imba, hata kidogo, mama yako ataelewa. Fanya haraka kabla ya Ijumaa, mwanangu, maana juu ya kapu hili sitakaa milele.

Ni mimi mama yako,
anayekusikiliza.