Nyumba Yangu Imehamishwa

Jumapili, Lambwe. Joto tangu asubuhi, na mawingu yamekaa upande wa ziwa, hayataki kunyesha wala kuondoka. Sikwenda kanisani. Nilimwambia Mzee, mume wangu, kichwa kinaniuma, na sikudanganya sana.

Blogu hii alinifungulia binti yetu Awino nilipostaafu ualimu, ili nisishinde nikigombana na kuku. Mwenyewe haisomi. Anasema Kiswahili changu ni kirefu. Basi leo nashukuru kwamba ni kirefu.

Jana tulikwenda Homa Bay kuangalia filamu yake.

Ni filamu ya katuni. Vijana watano wamechora hadithi fupi tano wakaziunganisha, kila moja juu ya maisha ya kawaida: ndugu wawili wanaogombania baiskeli moja, mume na mke wauza nyanya wa Oyugis walionuniana mpaka nyanya zikaoza, mambo ya namna hiyo. Hakuna mapigano wala majini. Watu walicheka, halafu kila mmoja akawa anawaza kwao. Ya mwisho ilikuwa ya Awino. Ameichora kwa muda mrefu, mimi nikimpelekea chai mezani na kukatazwa kuchungulia.

Kabla haijaanza alisimama mbele na kipaza sauti. "Hii ndiyo memory yangu ya kwanza kabisa," alisema. "Mama yangu akiwa jikoni, kabla atuache. Na leo nimekuja na baba, na pia mama mdogo wangu." Watu wakapiga makofi.

Nyumbani huniita Mama. Nikapunga mkono.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo nyumbani kwetu wakubwa wote wanalijua na hakuna aliyewahi kumwambia Awino. Pamela, mke wa kwanza wa Mzee, alifariki Awino akiwa hajaota hata jino. Mimi nilipoolewa hapa nilimkuta mtoto anatembea kwa kushika ukuta. Sikuwahi kumwona Pamela ila kwenye picha moja, ile ya harusi yao. Mungu hakunipa mtoto mwingine. Awino ndiye niliye naye.

Sasa, mtoto asiye na jino hakumbuki kitu.

Filamu ikaanza. Uso wa yule mama ni wa Pamela, umetolewa kwenye picha, mwanya na yote. Nilijiandaa kwa hilo na moyo wangu ulikuwa umetulia. Kisha akaanza kutembea. Aliingia jikoni mikono imejaa, akaufunga mlango kwa kisigino. Akaweka ungo mapajani, akachambua omena, wale dagaa wa ziwani, huku akimsemesha kuku aliyesimama mlangoni. Alionja chumvi kwa kuidondosha nyuma ya kiganja. Alipoinua sufuria alitumia pindo la gauni, kitu ambacho Mzee amenigombeza nacho tangu ujana, kwamba siku moja nitaungua.

Yule ni mimi. Kuanzia shingoni kushuka chini, ni mimi mtupu.

Nilimtazama Awino pembeni yangu. Alikuwa analia kimya kimya, uso umejaa upendo, na macho yake yalikuwa kwenye skrini.

Halafu likaja lile lililoniuma zaidi. Picha ilipanda juu ikaonyesha boma lote. Kwetu boma husomeka. Nyumba ya mke mkubwa hutazama lango, na mke anayefuata hujengewa pembeni. Nyumba ya Pamela ilibaki wazi alipofariki, haikukarabatiwa, kama desturi inavyotaka, mpaka ikaanguka yenyewe. Awino alikulia kwangu, pale pembeni. Lakini katika filamu nyumba iliyotazama lango ilikuwa na dirisha langu la bluu, nililolipaka kwa rangi iliyobaki tulipokuwa tukipaka milango ya shule. Ilikuwa na hata ule ufa juu ya mlango. Amening'olea nyumba na kumpelekea Pamela. Na pale pembeni, mahali pangu, amechora majani ya ng'ombe.

Kamera ingeninasa hata kwa bahati mbaya. Anayechora huweka anachotaka kuweka.

Nyuma yetu shemeji yangu mmoja alisema kwa sauti ya kuridhika, "Mano od mikayi." Hiyo ni nyumba ya mke mkubwa. Watu wakaitikia. Hakuna aliyeuliza yule mdogo anaishi wapi.

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Nimewatungisha watoto wa watu insha juu yake, nikawasahihishia, nikawapigia makofi. Kumbe ukimlea mtoto vizuri kabisa anaweza kukukumbuka kwa sura ya mtu mwingine.

Nilijifariji kwamba Mzee, angalau, anajua. Yeye alikuwa mtu mzima wakati huo wote. Yeye ndiye aliyekuwa akila hao omena. Taa zilipowaka nilimgeukia, nikitaka tu anitazame jinsi watu wawili wanaojua siri wanavyotazamana. Alikuwa anafuta macho kwa kofia yake.

"Pamela," alisema. "Amemtoa vile alikuwa. Vile vile tu."

Nimeishi na mwanamume huyu mpaka mvi zetu zimefanana, na mikono yangu ameiweka kwa marehemu bila hata kujua anahamisha kitu. Huwezi kushindana na marehemu. Marehemu hachelewi sokoni wala haunguzi ugali.

Nimeona wivu. Ninaliandika neno hilo kama lilivyo. Nimemwonea wivu mwanamke aliyekufa akiwa na umri mdogo kuliko Awino wa leo, akaacha mtoto wa kunyonya, na ambaye hajanikosea lolote. Njiani kurudi Awino aliniuliza, "Mama, umeionaje? Niambie ukweli." Nikamwambia ni nzuri. Ni nzuri kweli. Hilo nalo liliniuma.

Leo nimeamka nimeamua kumwambia. Nilipanga maneno nikichambua mboga, nikayapanga tena nikifua. Awino, mama yako alikufa hujaweza hata kukaa. Yule uliyemchora ni mimi. Sentensi mbili fupi, hata yeye asingelalamika ni ndefu.

Lakini kila nilipozifikisha mwisho niliona kitakachofuata. Hana kumbukumbu nyingine ya mama yake. Hana hata moja. Nikichukua kilicho changu, Pamela anabaki picha ya harusi, na mtoto huyu anafiwa upya, safari hii akiwa na akili zake.

Alasiri alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda mlangoni na simu mkononi.

"Mama, kesho tunaonyesha Migori, pale chuo," alisema. "Na kuna kitu haiko. Akichagua omena alikuwa anaimba. Midomo nimeshaichora, tune ninayo, lakini maneno imepotea. Nisaidie, nirekodi haraka niweke."

Akauimba huo wimbo puani, bila maneno.

Ni wimbo wa mama yangu mzazi, wa kuanikia omena kule Kisegi nilikozaliwa. Maneno yake ni ya Kisuba, lugha ya bibi zangu, ambayo siku hizi wanaoijua ni wachache hata kwetu. Pamela alikuwa Mjaluo wa Oyugis. Asingeyajua hata mawili. Na Awino hilo analijua, maana kila tunapokwenda Kisegi huwacheka wazee wanaponisalimu kwa Kisuba. Kuimba mstari mmoja tu kungetosha. Angenitazama, angehesabu, angeelewa kila kitu, na mimi nisingelazimika kumwambia neno.

Simu ilikuwa tayari inarekodi. Nilifungua mdomo. Wimbo wote ulikuwepo, mpaka pale mama alipokuwa akivuta pumzi.

"Siujui huo, mwanangu," nilisema.

Alizima simu. Akaniwekea mkono begani, taratibu, kama anayemwomba radhi mtu mzima. "Pole, Mama. Nimesahau wewe hukumjua."

Akaenda kufungasha vitu vyake.

Nimekaa hapa tangu hapo nikijiuliza kama nilimhurumia, au nilikuwa najibakizia kitu kimoja ambacho hakuna atakayekibeba kumpelekea Pamela. Nadhani ni vyote viwili. Sitaki kujua kipi kilikuwa kikubwa.

Kesho nitakwenda Migori. Nimeshapiga pasi gauni. Nitakaa mstari wa mbele kando ya Mzee, na Pamela atakaa jikoni kwangu, achambue omena wangu, midomo ikicheza bila sauti. Watu watalia. Mimi nitakuwa nikimtazama mdomo, nikiyajua maneno yote.