Mkono wa Bibi Yako

Mjukuu wangu Nyamizi,

Marahaba. Hapa Ilemela tu wazima, na shangazi yako wa Buhongwa amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza mkono wa bibi yako ulipindaje. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa fundi umeme wa mashua ya tanga ya kutembezea watalii, naye alikuwa mpishi humo. Usukani ulijiendesha kwa umeme, lakini soketi za nyaya zake zilianza kuingiza maji. Nikamwomba tajiri, mwenye mashua, anunue nyingine zisizopitisha maji. Akaleta za redio, zisizozuia hata tone! Nilipokataa kuzifunga, akaita fundi mwingine akazifunga.

Karibu na Ukerewe wimbi likazilowesha. Nahodha alikuwa mbele akishusha tanga, na usukani ukageuka wenyewe kuelekea miambani. Bibi yako akaurukia, akaung'ang'ania mpaka mashua ikakwepa miamba. Usukani ukamvunja mkono, nao ukaunga umepinda.

Tajiri alikuja hospitali akasema, "Si mmepona wote?"

Nikamkwida shati. Bibi yako akasema kitandani, "Mwache. Lakini soketi kwanza."

Basi sikumwachia mpaka akakubali kuleta za kweli. Nilizifunga mwenyewe, kisha nikaacha kazi.

Bibi yako alishamsamehe. Mimi bado, mjukuu wangu, wala sioni aibu.

Babu yako