Mji wa Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Vidonge viwili vya goti, chai, mvua. Lifti ya jengo imekufa tena. Na mimi karibu.
Mchana binti yetu Neema alipitia hapa akitoka zamu ya bohari, macho mekundu, akaweka bahasha mezani. Tiketi. Mimi na mama yake, siku tano Italia, kwa miaka hamsini ya ndoa. Tena si Italia yoyote: ule mji mdogo kando ya mto ambao nimewasimulia watoto tangu hawajaota meno. Mama Neema akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilicheka. 
Sijawahi kufika Italia. Tunajua watatu: mimi, Mungu na daftari hili.

Jumatano, 5 Machi
Kabla hatujahamia huku ughaibuni, nilikuwa mpishi wa mapadri kwetu Uvira. Jikoni kulikuwa na kalenda iliyotoka mji wa kwao padri mkubwa, huko Italia. Picha kumi na mbili. Januari daraja lenye paa, Februari mnara wa saa, Machi lango la mawe. Nilikoroga maharage nikitazama. Nilipokwenda kuposa, nikasema mapadri walinipeleka huko. Ujana ni ugonjwa.
Mama Neema anaandika orodha ya kwenda kuona. Daraja, mnara, kanisa la kale, mawe ya kufulia mtoni. Juu kabisa: sanamu ya punda anayecheka. Huyo hata kwenye kalenda hakuwemo. Nilimtunga siku moja Mama Neema akilia, mimba ya kwanza. Alicheka, nikamwacha punda aishi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejaribu kuugua. Mabasi mawili hadi hospitali, upande wa pili wa jiji, Harborne, daktari anikataze ndege. Kakijana kale kakaniambia kutembea ni dawa. Nimerudi nimechoka kama gunia.  Mama Neema alikuwa anajaribisha viatu vipya, sebuleni, huku na huku.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani akasimama kutoa ushuhuda. "Baba Neema atanionyesha mwenyewe, jiwe kwa jiwe!" Makofi. Mzee Bahati, jirani yangu wa benchi, akaninong'oneza: "Wee Mwitaliano, utuletee hata picha yako ukiwa kijana huko." Yule mbwa ananusa.
Nyumbani, hajavua hata kitenge cha kichwani, nikamwambia. Yote. Kalenda. Punda.
Hakupiga kelele. Aliuliza moja tu: "Kwa hiyo mwalimu nilimkataa kwa ajili ya karatasi?"
Ndiyo. Baba yake alimtaka yule mwalimu. Yeye ndiye aliyesema anamtaka mtu aliyeona dunia.
Amehamia kwenye kochi.

Alhamisi, 13 Machi
Siku ya nne. Ugali ananiwekea, macho hapana. Ananiita Désiré, jina la ubatizo, kama polisi wa mpakani. Neema aliuliza kuna nini. "Muulize mpishi." Basi.
Nilimwambia aende na Neema, mimi nibaki. Akaendelea kukunja nguo.
Jioni akampigia dada yake Uvira. Nikakaa kimya nyuma ya mlango, nikingoja kutangazwa. Akaongea mihogo, mvua, mazishi ya jirani. Jina langu hakulitia tope. Hilo limeniuma kuliko tusi. Nina aibu. Mzee mzima.

Jumapili, 16 Machi
Tumetoka kanisani, tumekula. Akaja kukaa karibu yangu, orodha mkononi.
"Miaka hamsini unaniongoza mji usioujua. Huko nitatangulia mimi. Wewe utabeba mfuko."
Sawa.
Nikauliza, tukifika, niseme nini.
"Usiseme kitu. Tazama tu."
Sasa amejinyoosha kitandani, upande wake. Anakoroma kidogo. Goti linauma, sitaki kusogea nikamwamsha.
Kumbe tuko wawili ambao hatujafika Italia.